Kisingizio cha Peter Parker

Mtu akitaka kujua filamu ya shujaa imeifuata komiki yake kwa kiasi gani, mara nyingi huanza na macho. Anaangalia rangi ya suti, umbo la barakoa, pozi lililotolewa kwenye jalada la zamani likapachikwa kwenye trela. Kipimo hicho ni chepesi, na ndicho kinachopotosha kuliko vyote, kwa sababu suti ni kazi ya mafundi: studio yenye fedha ikiamua kuipata sawasawa hadi mshono, itaipata. Penye kazi ni pale shujaa anapokosea, na komiki ikasema wazi kwamba kosa ni lake.

Hapo ndipo filamu hutetereka. Tukio linabaki, majina yanabaki, hata pembe ya mchoro inabaki, lakini stelingi anapunguziwa mzigo. Anadhulumiwa kwanza ili tumwonee huruma, au lawama inasogezwa kwa mtu mwingine. Ukishajua kukitafuta kisingizio hicho, ubishi mwingi kuhusu suti utauona ni wa kupoteza muda.

Tuanze na kurasa 11. Hadithi ya kwanza ya Spider-Man ilichapishwa katika Amazing Fantasy toleo la 15, lenye tarehe ya Agosti 1962, ikiwa imeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Peter Parker, kijana anayedharauliwa shuleni, anaumwa na buibui aliyepigwa na mionzi. Anapata nguvu, anaingia ulingoni kutafuta dola 100 zilizotangazwa kwa yeyote atakayedumu dakika tatu mbele ya mpiga mieleka Crusher Hogan, anashinda, kisha anaanza kutokea kwenye televisheni. Baada ya kipindi kimoja, mwizi anapita mbio mbele yake kwenye korido huku mlinzi akimfukuza na kupiga kelele azuiwe. Peter anasimama tu. Mlinzi anapomlaumu, anajibu kwamba amechoka kuburuzwa na watu na kuanzia sasa anajijali mwenyewe. Baadaye mwizi huyo huyo anamuua Anko Ben, aliyemlea Peter.

Tazama kilichokosekana hapo. Hakuna aliyemdhulumu Peter siku ile. Mwizi hakumwibia mtu ambaye Peter ana kinyongo naye, na mlinzi ni mtu asiye na jina anayefanya kazi yake. Kijana amepata umaarufu, kichwa kimevimba, basi. Ndiyo maana fremu za mwisho zinauma: akimgeuza muuaji uso na kumtambua, hana pa kujificha.

Filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2002 inafuata mfululizo huo karibu hatua kwa hatua, ila inaongeza kitu kimoja kidogo. Promota ametangaza dola 3,000 kwa dakika tatu. Peter anammaliza mpinzani mapema, na promota anamkabidhi dola 100 kwa hoja kwamba dakika tatu hazikutimia. Peter akilalamika, anaambiwa hilo si tatizo la promota. Dakika moja baadaye mwizi anampora promota huyo huyo, Peter anampisha, na promota akifoka anarudishiwa maneno yake mwenyewe. Ukumbi wa sinema unacheka. Na sisi watazamaji tumeshakuwa upande wa Peter, kwa sababu promota alistahili. Kiburi kimegeuzwa kuwa kisasi, na kisasi kinasameheka kirahisi kuliko kiburi.

Kisingizio cha pili kinakuja kwa mwizi mwenyewe. Katika komiki Peter anamkamata akiwa hai, anamfunga kwa utando na kuwaachia polisi. Katika filamu mwizi anajikwaa na kuanguka dirishani hadi kufa. Peter hakumsukuma, lakini pia hakulazimika kuamua la kumfanya.

Mwaka 2012 Marc Webb akaanza upya, na kisingizio kikarudi kwa sura nyingine: Peter amepungukiwa senti 2 za kununua maziwa ya chokoleti, mwuza duka anakataa na kumkejeli, kisha mwizi anachota fedha na kumrushia maziwa yale. Waongozaji tofauti, miaka 10 baadaye, na bado hawakuthubutu kumwonyesha Peter akimwacha mwizi apite bila kuchokozwa. Sidhani ni bahati tu. Komiki ya kurasa 11 katika jarida lililokuwa linafungwa iliweza kumfanya mhusika wake mkuu achukize kwa kurasa mbili. Filamu inayogharimu zaidi ya dola milioni 100, yenye sura ya mwigizaji kwenye kila bango, inaogopa hata dakika mbili.

Kuhusu ile sentensi maarufu ya nguvu na wajibu: wengi huapa kwamba ni ya Anko Ben. Mwaka 1962 haikusemwa na mhusika yeyote. Ipo kwenye kisanduku cha msimulizi katika fremu ya mwisho. Filamu ya 2002 iliiweka mdomoni mwa Ben ndani ya gari, na ile ya 2021 ikampa Anti May. Badiliko hili ni la kiufundi na wala silinung'unikii: komiki ina sauti ya msimulizi bure, filamu haina, kwa hiyo maneno lazima yapate mdomo.

Buibui wa maabara ya jenetiki badala ya mionzi ni hivyo hivyo, jambo la enzi tu. Utando unaotoka mkononi wenyewe badala ya kifaa alichobuni Peter ni suala zito kidogo, kwa kuwa kifaa kinaonyesha akili yake na tena huishiwa dawa wakati mbaya. Lakini kati ya hayo yote na promota aliyemdhulumu, promota ndiye aliyebadilisha hadithi, na ndiye asiyelalamikiwa.

Raimi mwenyewe, kwa maoni yangu, alilirekebisha. Spider-Man 2 ya mwaka 2004 imechukua fremu moja mashuhuri kutoka The Amazing Spider-Man toleo la 50, la Julai 1967: suti imetupwa kwenye pipa la taka uchochoroni na Peter anaondoka akiwa ameinama. Fremu imeigwa vizuri, lakini uaminifu wa filamu hiyo uko kwenye meza ya Anti May, ambako Peter anakiri kwamba angeweza kumzuia mwizi na hakufanya hivyo. Tukio hilo halimo katika toleo la 50. Limetungwa, na linaileta karibu ile hatia ya 1962 kuliko filamu iliyotangulia. Kisha Spider-Man 3 ya 2007 ikaja kuharibu: ikamfanya Sandman kuwa ndiye aliyempiga Ben risasi, na yule mwizi aliyeachwa akawa msaidizi tu. Kwa badiliko hilo moja, mzigo wa filamu mbili ukapata mtu wa pili wa kuubeba.

Mfano wa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, unaonyesha jambo hilo hilo kwa ukali zaidi. Katika The Amazing Spider-Man toleo la 121, la Juni 1973, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, Green Goblin anamtupa Gwen kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando na kumdaka miguuni. Karibu na shingo yake kuna neno dogo la sauti, SNAP, ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Peter anamvuta juu akijisifu, halafu anagundua amekufa. Baadaye wahariri walijibu katika ukurasa wa barua za wasomaji kwamba kilichomuua ni kule kusimama ghafla. Yaani uokoaji ndio uliovunja shingo. (Maandishi yanalitaja daraja la George Washington, lakini lililochorwa linafanana na la Brooklyn. Ukitaka kuwapima wanaojiita wajuzi, waulize daraja gani.)

Filamu ya 2002 ilichukua daraja, ikamweka Mary Jane badala ya Gwen, ikaongeza kibehewa kilichojaa watoto, na Peter akaokoa wote. Ile ya 2014 ilikuwa na ujasiri zaidi: Gwen anakufa kweli, ndani ya mnara wa saa, akiwa na koti la kijani na sketi ya zambarau kama mwaka 1973. Mavazi yamefuatwa. Lakini kinachosisitizwa ni kwamba utando umechelewa kidogo na mwili umeifikia sakafu. Huzuni ipo, tena kubwa. Swali la 1973, kwamba je, mkono wangu ndio uliomuua, limefifishwa. Tena Gwen wa filamu amechagua mwenyewe kwenda vitani baada ya kukatazwa, na uchaguzi wake unamfuta Peter sehemu nyingine ya lawama.

Kabla ya kwenda mbele, tuhesabu kurasa, maana si kila kasoro ni woga. Toleo moja la komiki ya Marekani huwa na hadithi ya kurasa 20 hivi, wakati mwingine 22. Waandishi wa filamu hukadiria ukurasa mmoja wa mswada kuwa dakika moja. Ukurasa wa komiki wenye fremu sita unaweza kuwa sekunde 20 za mapigano au dakika tatu za mazungumzo. Kwa uzoefu wa kulinganisha, filamu ya saa mbili hubeba vizuri hadithi ya matoleo mawili hadi sita. Chini ya hapo inabidi kutunga, na juu yake inabidi kuchinja.

Ushahidi mzuri uko kwa X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu zao. "Days of Future Past" ni matoleo mawili tu, 141 na 142 ya mwaka 1981, kazi ya Chris Claremont na John Byrne. Kitty Pryde wa mwaka 2013 anarudishwa kifikra ndani ya mwili wake wa 1980 ili kuzuia mauaji ya Seneta Kelly. Filamu ya 2014 inamtuma Wolverine hadi 1973, na anayelengwa ni Bolivar Trask, mbunifu wa roboti za Sentinel. Mtu anayehesabu tofauti atajaza karatasi nzima. Lakini mzunguko wa sababu na matokeo umebaki: risasi moja ya Mystique (mwanamke anayebadilika sura), inayoonekana kama haki, ndiyo inayozaa roboti za Sentinel na kambi za kifo. Mystique anabaki na chaguo lake na filamu haimtafutii wa kumsingizia. Kitty hakuweza kusafiri kwa sababu rahisi: mwigizaji wake hangekuwa amezaliwa mwaka 1973, na aliyekuwepo asiyezeeka ni Wolverine.

Kisha kuna Dark Phoenix, hadithi nyingine ya X-Men, iliyojaribiwa mara mbili, 2006 na 2019, na mara zote mbili ikaanguka. Matoleo ni ya 129 hadi 138, mwaka 1980, lakini mbegu zilipandwa tangu toleo la 101 la 1976, Jean Grey alipoibuka kutoka majini akiwa Phoenix. Msomaji alikaa naye miaka minne akimwona akipanda. Katika toleo la 135 anaila nyota, na sayari ya wakazi bilioni tano inateketea. Claremont na Byrne walikuwa wameshaandaa mwisho ambao Jean ananyang'anywa nguvu na kuishi. Mhariri mkuu, Jim Shooter, akakataa: aliyeua sayari nzima hawezi kurudi nyumbani kupumzika. Kurasa zikachorwa upya, na katika toleo la 137 Jean anajiua mwezini. Mwisho ule wa awali ulichapishwa mwaka 1984 kwa wanaotaka kulinganisha, na ninapendekeza uusome baada ya ule uliotoka kwanza. Utaona jinsi hadithi nzima inavyolegea.

Filamu zote mbili zimeondoa sayari. Ile ya 2006 inaeleza kwamba Profesa Xavier, kiongozi wa X-Men, aliwahi kufunga sehemu ya akili ya Jean, hivyo Phoenix ni nafsi ya pili iliyovunja mlango. Anayemuua ni Wolverine, kwa ombi lake. Ile ya 2019 inamfanya amuue Raven (ndiye Mystique) kwa ajali, kisha inaleta wageni kutoka anga za mbali wanaomchochea. Wapenzi walilalamika kwamba hakuna miali ya kutosha yenye umbo la ndege. Mimi ningewapa miali yote waliyotaka na bado filamu isingesimama, kwa sababu bila wale bilioni tano hakuna kesi ya kuhukumu.

Haki itendeke lakini: komiki nazo hugawa visingizio. Mwaka 1986 Marvel ilitaka kumrudisha Jean kwa ajili ya mfululizo mpya, X-Factor, kwa hiyo ikaelezwa kwamba aliyeua sayari hakuwa Jean kabisa. Ilikuwa nguvu ya kianga iliyonakili sura yake, na Jean halisi alikuwa amelala ndani ya kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York, muda wote huo. Kwa hiyo mwandishi wa filamu anayesema "mimi nimefuata komiki" anaweza kuwa anasema kweli. Swali ni komiki ya mwaka gani.

Civil War ndiyo niitumiayo kumfundisha mtu kipimo hiki, kwa sababu kila upande una tarehe na idadi. Komiki ya Mark Millar na Steve McNiven ina matoleo saba, 2006 hadi 2007. Inaanzia Stamford, Connecticut: kikundi cha mashujaa vijana, New Warriors, wanarekodi kipindi cha televisheni. Wanawakuta wahalifu waliowazidi uwezo, na badala ya kuita msaada wanaingia kwa ajili ya kamera. Mmoja wa wahalifu hao, Nitro, analipuka karibu na shule, na watu zaidi ya 600 wanakufa. Sheria ya kusajili mashujaa inatoka hapo, na mtu yeyote anaelewa kwa nini wananchi wameikubali.

Filamu ya 2016 imehamishia mlipuko Lagos. Mhalifu Crossbones anajilipua sokoni, shujaa Wanda anaukamata moto na kuurusha juu ili kuwanusuru walio chini, unapiga jengo, na watu wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, waliokuja kwa kazi ya msaada wanafariki. Yaani shujaa alikuwa anaokoa, mkono ukamteleza. Kati ya kutafuta umaarufu na kuteleza pana umbali mkubwa, na filamu nzima imejengwa juu ya umbali huo. Mkataba wa Sokovia wa kuwadhibiti mashujaa, uliotiwa saini na nchi 117, unaonekana kama urasimu, wakati katika komiki sheria ilikuwa kilio cha wazazi.

Endelea hadi mwisho. Katika toleo la 4, nakala ya Thor iliyotengenezwa maabara na upande wa Iron Man inamuua shujaa Goliath, na wote wanamtazama. Katika toleo la 7, Captain America yuko karibu kushinda. Polisi, wazima moto na wahudumu wa gari la wagonjwa wanamrukia kumzuia, anainua macho, anaona mji walioubomoa, na anajisalimisha. Kwenye filamu wapo 12 uwanja wa ndege wa Leipzig, sita kwa sita, uwanja umeondolewa watu kabla, hakuna anayekufa. Rhodes, wa upande wa Iron Man, anaumia mgongo. Captain anatupa ngao, anawatoa rafiki zake gerezani, na anatuma barua. Ugomvi umekuwa wa kifamilia, wa nani alimuua baba na mama wa Tony (ndiye Iron Man) mwaka 1991, na kama filamu ninaipenda kweli. Kama tafsiri ya komiki ile, imechukua jina na jalada.

Sababu nyingine za tofauti hizo ni karatasi za wanasheria. Marvel iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 1996, na katika miaka ile haki za filamu za wahusika wake ziligawanywa: Spider-Man akaenda Sony, X-Men na Fantastic Four wakawa Fox. Disney ilipoinunua Marvel mwaka 2009, hao hawakurudi pamoja nayo. Reed Richards, nguzo ya upande wa Iron Man katika komiki, asingeweza kuonekana mwaka 2016. Spider-Man aliwezekana kwa sababu tu ya makubaliano na Sony yaliyotangazwa Februari 2015, na ndiyo maana yumo kama mgeni. Kitendo chake kikubwa katika komiki, kuvua barakoa mbele ya waandishi wa habari, hakipo, kwa kuwa hakuna mtu katika filamu zile aliyekuwa ameshamjua.

Mgawanyo huo uliwagusa wasomaji wa huku kwetu kupitia Storm, shujaa wa X-Men anayetawala hali ya hewa. Ororo Munroe alianza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men toleo la 1. Mama yake N'Dare ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya, baba yake mpiga picha wa habari Mmarekani. Wazazi walikufa Cairo nyumba ilipoporomoka, mtoto akafukiwa kando ya mama yake, na toka hapo hawezi kuvumilia mahali pa kubana. Alitembea hadi Kenya, ambako watu walimwomba mvua kama mungu. Katika filamu za 2000 hadi 2006 Kenya imebaki lafudhi tu, tena ya filamu ya kwanza, kisha nayo ikaachwa. Hofu yake ya kufungiwa, ambayo mwandishi angeweza kuitumia kila anapohitaji kumdhoofisha mtu anayeita radi, karibu haionekani. Mwaka 2006 komiki zilimwoza kwa T'Challa, mfalme wa Wakanda, ambaye ndiye Black Panther. Filamu ya Black Panther ya 2018 isingeweza hata kumtaja: mke alikuwa Fox, mume Marvel, hadi Disney ilipokamilisha ununuzi wa Fox, Machi 2019.

Filamu hiyo ya 2018 ndiyo ninayoitaja wakisema studio haziwezi. Katika "Panther's Rage" ya Don McGregor, iliyotoka Jungle Action kuanzia 1973, adui Killmonger ni Mwakanda ambaye baba yake alilazimishwa kumtumikia mvamizi Klaw, familia ikafukuzwa, akakulia Harlem. Anamtupa T'Challa kwenye maporomoko ya Warrior Falls, na fremu hiyo imo kwenye filamu. Lakini Ryan Coogler na mwandishi mwenzake wamemfanya Killmonger binamu, na muuaji wa baba yake ni T'Chaka, mfalme mwenyewe, mwaka 1992, Oakland, kisha mtoto akaachwa pale pale. Hapa filamu imeongeza hatia badala ya kuipunguza, na imeiweka kwenye kiti cha enzi. T'Challa anawalaumu wazee wake ana kwa ana. M'Baku, aliyeanza mwaka 1969 akiitwa Man-Ape na kuvaa ngozi ya sokwe, amebaki na kabila lake la Jabari, na jina lile likaachwa. Hakuna aliyelikosa.

Watchmen ni kesi ya upande wa pili. Alan Moore na Dave Gibbons waliitoa kwa sura 12 kati ya 1986 na 1987, na kurasa nyingi zimegawanywa fremu tisa sawa. Zack Snyder, mwaka 2009, alinakili fremu kwa bidii ambayo sijaiona kwingine. Moore hakutaka jina lake liwemo, na halimo. Ubishi ukaenda kwenye ngisi: katika komiki Veidt, shujaa mstaafu, anaangusha kiumbe kikubwa kama ngisi New York na dunia inadhani imevamiwa, katika filamu milipuko inapiga miji kadhaa na lawama inamwangukia Dr. Manhattan, shujaa mwenye nguvu kuliko wote. Mimi naona badiliko hilo ni la busara, linaokoa dakika nyingi za kumweleza ngisi.

Kilichopotea kiko sehemu nyingine. Sura ya 12 inafungua kwa kurasa sita mfululizo ambazo kila moja ni picha moja, hazina mazungumzo, maiti tu barabarani. Baada ya sura 11 za fremu tisa, ukubwa huo unakupiga. Na maiti hao tunawafahamu: mwuza magazeti, kijana anayesoma komiki kando ya kibanda chake, wapita njia tuliowasikiliza wakibishana tangu sura ya tatu. Filamu iliyoingia sinema, ya dakika 162, imewapunguza karibu wote, na mlipuko wake ni mwanga wa buluu unaofuta watu bila kuacha mwili. Filamu hiyo hiyo haikuogopa kuonyesha mikono ikikatwa kwa msumeno. Ilifuata picha zote ila zile sita zilizoonyesha bei. Toleo refu la dakika 215 limewarudisha mwuza magazeti na kijana. Ukitaka kuilinganisha kwa haki, tumia hilo.

Thanos, adui mkubwa wa mashujaa wa Marvel, nitampitia haraka. Katika The Infinity Gauntlet ya 1991 anafuta nusu ya viumbe ili apendwe na Kifo, mwanamke asiyemjibu neno. Filamu ya 2018 ikampa hoja ya uhaba wa rasilimali, na watu wakaanza kusema ana hoja. Kumbe hata adui hupewa kisingizio.

Ukitaka kupima mwenyewe, soma komiki kwanza na uweke alama kurasa tatu: pale shujaa anapoamua, pale mtu anapolipa gharama ya uamuzi huo, na ukurasa wa mwisho. Kwa kila moja andika sababu kwa sentensi moja, bila kutaja mapigano. Kisha tazama filamu na uandike sentensi zile zile tatu. Zikilingana, mengine yote ni mapambo. Usitegemee filamu uliyoisikia kwa tafsiri ya kibandani: anayejua kazi ya DJ Afro au ya Lufufu anajua msimulizi anaweza kubadilisha nia ya mtu kwa sentensi moja huku picha ikibaki ile ile, na ni burudani ya aina yake, ila hapa itakuchanganya.

Angalia pia tarehe na chapa. Tarehe ya jalada huwa mbele ya siku ya kuuzwa kwa miezi miwili hivi. Rangi za matoleo mapya huenda zimebadilishwa: komiki ya Batman, The Killing Joke ya 1988, ilipakwa upya na mchoraji wake, Brian Bolland, kwa chapa ya 2008, na haifanani na ya kwanza. Zaidi ya yote, jihadhari na komiki iliyotoka baada ya filamu. Superman hakuwa na kryptonite, jiwe linalomdhoofisha, hadi redio ilipompa mwaka 1943, na Harley Quinn, mhalifu wa hadithi za Batman, alianzia kwenye katuni ya televisheni mwaka 1992. Mwaka 2002 komiki ya The Ultimates ilimchora Nick Fury kwa sura ya Samuel L. Jackson, ambaye alikuja kumwigiza mwaka 2008. Spider-Man wa komiki aliota utando wa mwilini mwaka 2004, miaka miwili baada ya filamu. Katika mawe ya nguvu anayoyakusanya Thanos, jiwe la nafsi lilikuwa kijani na la wakati rangi ya chungwa kwa miongo kadhaa; filamu zikabadilishana rangi hizo, na Marvel ikabadilisha za komiki zifuate. Anayeshika toleo la 2018 na kusifu jinsi filamu ilivyofuata rangi za mawe ameshika nakala ya filamu.